Inawasha, imevimba, dawa haisaidii: kuitafuta histamini dalili kwa dalili

Mtu anafika kaunta ya duka la dawa, anaegemeza kiwiko, anasema: "Nipe Piriton za mia tano." Nikimuuliza za nini, anakunja mkono wa shati anionyeshe. Swali langu linalofuata halihusu mkono wala chakula. Namuuliza ilianza saa ngapi. Wengi hudhani nawapotezea muda, lakini kwenye mambo ya mzio saa ndiyo kipimo cha kwanza, na hakilipiwi. Histamini, ile kemikali ya mwili inayowasha na kuvimbisha mzio unapopiga, ina mwendo wake: huja kwa dakika, huondoka kwa saa. Kinachosubiri siku mbili ndipo kitokeze malengelenge, au kinachokaa palepale wiki nzima, mara nyingi kina baba mwingine, na hapo Piriton itakulaza usingizi tu.

Kabla ya yote: pumzi ikibana

Ikiwa dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula, kuchomwa sindano, kumeza dawa au kuumwa na nyuki mtu anavimba ulimi, sauti inakauka, kifua kinapiga mluzi, anatapika mfululizo, anapata kizunguzungu au anazirai, hiyo ni anafilaksisi, mzio mkali wa mwili mzima. Ngozi huwa inawasha na kufura, lakini kuna wanaoanguka bila baka hata moja, kwa hiyo usisubiri ngozi ikupe ruhusa.

Dawa yake ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, yaani nusu ya ile ampuli ya mililita 1 yenye miligramu 1. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, bila kuvuka kiwango cha mtu mzima. Kama hakuna nafuu baada ya dakika 5, hurudiwa. Kwa kuwa wengi wetu hatuna sindano hiyo nyumbani, kazi yako ni kumfikisha kituo cha afya haraka, akiwa amelala miguu juu. Akihema kwa shida mwache akae, miguu ameinyoosha. Usimsimamishe ghafla wala usimtembeze hadi barabarani kutafuta bajaji. Iite bajaji ije mlangoni. Damu imekimbilia kwenye mishipa iliyotanuka, moyo unarudishiwa kidogo, na kusimama kunaweza kuumalizia hicho kidogo.

Vidonge vya mzio si mbadala hapa. Huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na havifungui koo wala kuinua presha. Mgonjwa akishapata nafuu asikimbizwe nyumbani, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu wapo ambao dalili huwarudia bila kukutana na kichochezi tena.

Ghala lililojaa kabla ya siku

Wengi hufikiri mwili huanza kutengeneza histamini pale kichochezi kinapoingia. Sivyo. Imeshatengenezwa, imepangwa ghalani, inangoja. Mwenye ghala ni seli ya masti. Paul Ehrlich aliielezea mwaka 1878 kwenye tasnifu yake ya udaktari huko Ujerumani. Aliiona imejaa punjepunje, akadhani imelishwa ikashiba, akaipa jina kutokana na neno la Kijerumani la kunenepesha. Anayeiita "seli mlingoti" amekwenda kuchukua neno la jahazini.

Seli hizi hukaa pale mwili unapokutana na dunia: chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na macho, kwenye njia za hewa, kwenye ukuta wa utumbo, na kandokando ya mishipa midogo ya damu. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachochukua histidini, asidi amino tunayoipata kwenye samaki, nyama na maharage, na kuinyofolea kaboni dioksidi. Kinachobaki ni histamini. Kazi hiyo haifanyiki bila vitamini B6. Histamini ikishapatikana hufungashwa kwenye vipunje pamoja na heparini na kimeng'enya kiitwacho triptase. Kwenye damu kuna seli jamaa yake, basofili, nayo ina akiba yake ndogo.

Ufunguo wa ghala ni kingamwili iitwayo IgE, iliyotambuliwa mwaka 1966 na mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka. Mara ya kwanza mwili unapokutana na, tuseme, protini ya kamba, huoni kitu. Kimyakimya baadhi ya seli T, askari wa kinga, hutoa ishara, na wenzao seli B huanza kutengeneza IgE inayoijua protini hiyo peke yake. IgE husafiri, hujipachika juu ya seli za masti, na hukaa hapo inasubiri. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Kamba nimekula tangu utoto, haiwezi kuwa kamba," hajanithibitishia chochote. Ili mwili uanze kuchukia kitu sharti uwe umekutana nacho kabla.

Siku protini inaporudi, hushika IgE mbili jirani kwa pamoja na kuzivuta zikaribiane. Kuvutwa huko ndiyo amri yenyewe. Kalisiamu hufurika ndani ya seli, vipunje husogea ukingoni, histamini inamwagika. Hesabu kwa sekunde na dakika.

Iliyomwagika hukamata vipokezi, yaani viti vyake juu ya seli. Kipokezi H1 kikishikwa, mishipa midogo hutanuka na kuta zake huachia, maji ya damu yanavujia kwenye ngozi ikafura, neva zinapeleka ujumbe wa kuwashwa, na misuli ya njia za hewa inajibana. Kipokezi H2 kazi yake kubwa iko tumboni, kuamuru asidi. Baada ya hapo vimeng'enya huivunja histamini upesi, haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache. Hospitali inapotaka kuthibitisha anafilaksisi hupima triptase, inayodumu saa kadhaa.

Seli ya masti ikishamwaga ghala haiketi. Inaanza kupika vitu vipya kutokana na mafuta ya utando wake, leukotrini na prostaglandini, na kutuma protini za kuita seli nyingine. Kati ya saa 4 na 8 baadaye eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, zimeshafika, na uvimbe wa awamu hii una uzito wake. Dawa ya mzio kama klorofenamini (ndiyo Piriton), setirizini au loratadini hukalia kiti cha H1 ili histamini ikose pa kukaa. Haizuii kumwagika, haigusi leukotrini, na maji yaliyokwisha kuvuja hayafyonzwi papo hapo.

Mabaka yanafura, yanahama, yanapotea

Hii ndiyo histamini yenyewe, imevaa nguo zake. Vitabu vingi vya nje vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani au unaonekana kama giza kidogo. Wewe tafuta mwinuko. Pitisha kidole: utahisi kama umeng'atwa na mbu mkubwa, kingo zake zimejichora, katikati pamepauka, na pana joto. Chukua kalamu ya wino uchore mduara kuzunguka baka moja, andika saa pembeni yake kwenye ngozi. Rudi kesho saa ileile. Kama baka limetoweka ndani ya mduara na jingine limeota bega la pili, ni urtikaria, maana baka moja la histamini halikai zaidi ya siku moja. Kama bado liko palepale, linauma kuliko kuwasha, na likiondoka linaacha alama kama ya kupigwa, huenda ni mishipa ya damu yenyewe inayovimba. Hiyo ipeleke kwa daktari, usiizungushe na vidonge.

Chini ya wiki 6, tafuta cha karibuni: homa ya virusi (kwa watoto ndiyo inayoongoza), dawa mpya, kamba, karanga, yai, mdudu. Minyoo nayo huingia kwenye orodha, kwa kuwa IgE na eosinofili ni silaha za mwili dhidi ya minyoo. Uliza pia kuhusu diklofenaki na aspirini. Mtu ameumwa mgongo, amemeza diklofenaki, mabaka yameota, naye analaumu pweza wa jana. Dawa hizo huziba njia moja ya kemia na kuisukuma seli ielekee kutengeneza leukotrini nyingi, bila IgE kuhusika. Kwa hiyo mtu huyo anaweza kupata mabaka kwa diklofenaki leo, na kwa ibuprofeni wiki ijayo, ingawa ni dawa mbili tofauti.

Kuna ngozi zinazofungua ghala kwa kuguswa tu. Kwaruza mgongo wa mtu kwa kifuniko cha kalamu, subiri dakika kama 10: kama mstari umeinuka ukasomeka, jibu umelipata, ni shinikizo na mkwaruzo. Wengine ni jasho: vipele vidogo kama vichwa vya pini baada ya kukimbia au kuoga maji ya moto. Wengine ni baridi, na hao waonywe wasijitose ghafla kwenye maji baridi, kwa sababu mwili mzima ukipoa pamoja, mwili mzima unamwaga pamoja.

Zaidi ya wiki 6 ndipo watu wanapojitesa. Wameacha mayai, maharage, nyama ya ng'ombe, nyanya, samaki, wamebaki na ugali na mchicha, na mabaka yanaendelea. Urtikaria sugu kwa kawaida haitoki kwenye sahani. Kwa wengi mwili wenyewe umetengeneza kingamwili zinazoshika seli ya masti au IgE iliyo juu yake, na ghala linafunguliwa kutoka ndani. Rudisha chakula mezani. Tumia setirizini au loratadini kila siku kwa saa maalumu, usingoje kuwashwa ndipo umeze. Kiti kikishakaliwa na histamini umechelewa. Isipotosha, daktari anaweza kuongeza dozi hadi mara nne ya ile ya kawaida, jambo ambalo hulifanyi mwenyewe. Hiyo nayo ikishindikana ipo omalizumabu, sindano inayokamata IgE kabla haijajipachika, ila bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Nimekula samaki, uso unawaka moto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pwani tunapokosea zaidi.

Jioni moja alikuja baba mmoja ameshika kichwa. Uso umemjaa damu, macho yameiva, moyo unamwenda mbio, mdomo anasema unachoma kama aliyetafuna pilipili manga. Alikuwa amekula jodari wa kukaanga, hata nusu saa haijafika. "Mimi samaki sasa nimekatazwa na mwili wangu," akasema. Nikamuuliza: "Mlikula wangapi?" Watano. "Na wengine?" Akapiga simu. Mkewe amelala anaumwa kichwa, shemeji yake anaharisha, watoto wawili ambao walikula mchuzi bila kipande hawana shida kubwa.

Mzio hauchagui nyumba nzima kwa usiku mmoja. Walichokula hakikuufanya mwili umwage histamini. Walikula histamini iliyokwisha kutengenezwa. Nyama ya jodari, vibua, nguru na jamii zao ina histidini nyingi. Samaki akiachwa juani baada ya kuvuliwa, bakteria kama Morganella morganii huifanyia histidini ile kazi ileile inayofanywa na kimeng'enya cha mwili wetu, tofauti ni kwamba bakteria hawana ghala wala kiasi. Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinataka histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo ya samaki wa aina hii. Samaki aliyelala bila barafu anaweza kuupita mpaka huo mara nyingi.

Kinachowapoteza watu ni kwamba samaki huyo anaweza asinuke. Na ukishachelewa, jiko halikusaidii: kukaanga, kuchemsha, kukausha au kufungasha kwenye kopo huua bakteria tu, histamini inabaki. Ladha ya ukali ulimini ni dalili nzuri. Ukiionja, tema, usimalizie kwa adabu ya mwenyeji. Tiba ni dawa ya mzio, na hapa inafanya kazi vizuri kwa sababu tatizo ni histamini tupu bila wenzake. Dalili nyingi hupungua ndani ya saa kadhaa, hata siku moja. Akibanwa kifua au akilegea, hospitali.

Kinga iko kwenye chombo, kabla ya soko: samaki akitoka maji aingie kwenye barafu, abaki karibu na nyuzi 4 za sentigredi au chini. Mnunuzi wewe angalia barafu, siyo macho ya samaki peke yake. Na yule baba nilimwambia asijiharamishie jodari. Angeenda kuandikiwa "ana mzio wa samaki" kwenye kadi yake, angelikosa chakula kizuri maisha yake yote kwa kosa la sanduku lisilo na barafu.

Mzio wa kweli wa samaki upo, na unapiga mtu mmoja mezani, kila mara anapomla samaki huyo, hata aliyevuliwa saa hiyo hiyo. Mzio wa kamba na kaa ni jambo jingine kabisa. Kinachochukiwa mara nyingi ni tropomiosini, protini ya misuli ambayo mende na utitiri wa vumbi wanayo pia kwa sura inayokaribiana. Wapo walioanza kwa kupiga chafya chumbani, wakaja kuwashwa koo kwa sahani ya kamba.

Chafya zimekoma, pua bado imeziba

Malalamiko haya ni halali na dawa haijaharibika. Kuwashwa pua, chafya kumi mfululizo asubuhi na kamasi ya maji ni kazi ya histamini, kwa hiyo setirizini huzizima. Kuziba ni kazi ya ile awamu ya pili: utando umefura, eosinofili zimekaa. Hapo kinachofaa ni dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kila siku, na ina uvivu wake, inaweza kuhitaji siku kadhaa hadi wiki mbili. Inamisha kichwa kidogo, puliza ukielekeza pembeni upande wa sikio, siyo kwenye ukuta wa katikati, utakaotoka damu. Ukihisi dawa inateremka kooni umevuta kwa nguvu mno.

Zile dawa za matone zinazofungua pua papo hapo, za oksimetazolini au ksailometazolini, ni tamu siku tatu. Zikizidi siku tano au wiki, pua huziba kwa kuzikosa zenyewe, na mtu anajikuta anatembea na kichupa mfukoni kama funguo za nyumba.

Chanzo ukitafute kitandani kwanza. Utitiri wa vumbi hupenda unyevu wa pwani na godoro la zamani. Kinachotuchokoza zaidi ni kinyesi chake. Fua shuka na foronya kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, anika godoro juani, toa zulia kama unaweza. Mende nao wahesabiwe.

Mtoto anayesugua macho kila mara, yanayowasha na kutoa ute wa kunata kama uzi, ana mzio wa macho na anahitaji kliniki ya macho. Usimnunulie matone ya steroidi kwa kukumbuka jina la kichupa cha mtoto wa jirani. Yakitumika bila kupimwa hupandisha presha ya jicho, na uoni uliopotea hivyo haurudi.

Midomo imevimba, lakini haiwashi

Mama wa makamo, midomo imefura kama aliyepigwa, hakuna baka, hakuna kuwashwa. Amemeza Piriton tangu alfajiri, bado. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba unitajie dawa zako zote za kila siku." Enalaprili, ya presha, mwaka wa pili sasa.

Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili huziba kimeng'enya ambacho pamoja na kazi zake nyingine huvunja bradikinini. Bradikinini ikilundikana, mishipa inavuja kama inavyovuja kwa histamini, ila kiti chake ni kingine, kwa hiyo dawa ya H1 imekaa kwenye mlango usio na mtu. Hali hii huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wengine. Muda mrefu wa kutumia dawa bila shida haukuondolei hatari. Inaweza kuanza wiki ya kwanza au mwaka wa tatu. Baadhi wamekuwa na kikohozi kikavu kisichoisha miezi kabla, kinachotoka kwenye dawa hizohizo.

Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama ulimi umevimba au sauti imebadilika, nenda dakika hiyohiyo. Daktari ataibadilisha dawa ya presha kwa ya kundi jingine. Usiiache tu ukanyamaza. Presha nayo haina subira.

Inawasha kweli, lakini Piriton haifui dafu

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukimeza klorokwini kwa malaria, na kilichotutisha si uchungu wake. Ilikuwa usiku: viganja, nyayo, kichwa, mwili mzima unawasha kutoka ndani, unajikuna kwa chanuo mpaka ngozi inachubuka. Mama alitupa Piriton, tukasinzia tukiendelea kujikuna. Miaka mingi baadaye nikaja kuelewa: klorokwini huchokoza neva za kuwashwa moja kwa moja, kupitia kipokezi kisicho cha histamini. Kenya waliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania 2001, kwa sababu ya usugu wa vimelea, lakini waliokuwa wanajikuna hawakuililia.

Upupu ni vilevile. Aliyewahi kuwekewa upupu kwenye dawati anajua. Vinyweleo vyake vina kimeng'enya cha kukata protini kinachoamsha neva bila kupitia ghala la histamini. Usisugue kwa mkono, unavizamisha. Bandika selotepu juu ya ngozi, bandua, rudia na kipande kipya, kisha osha na vua nguo hizo.

Piko, yaani ile hina nyeusi, inahitaji maneno zaidi, hasa msimu wa harusi. Hina safi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia na inataka saa nyingi. Nyeusi inayokolea kwa muda mfupi kwa kawaida imetiwa rangi ya nywele yenye parafenilenediamini. Bibi harusi anapakwa Alhamisi, Jumamosi mkono umevimba ukifuata maua yaleyale yaliyochorwa, petali kwa petali, na malengelenge juu yake. Tazama saa: siku moja hadi tatu. Ni seli T zilizokuja zenyewe, hazikutuma histamini. Krimu ya steroidi ndiyo inayotuliza, kwa ushauri wa daktari. Na ajue kwamba mwili umeshakariri: rangi ya nywele miaka ishirini baadaye inaweza kumvimbisha uso. Utomvu wa ganda la embe na mafuta ya ganda la korosho huunguza kwa njia inayokaribiana na hiyo, wabanguaji wa Mtwara wanaijua mikono yao.

Kuwashwa kunakochachamaa usiku, katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kiunoni, na nyumba nzima inajikuna: hiyo ni upele wa kuambukiza. Tibuni nyumba yote siku moja kwa permethrini au benzili benzoeti, fueni matandiko. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili tatu hata wadudu wakishakufa, msirudie dawa kila siku kwa hofu. Na mstari unaochoma kama moto shingoni baada ya mvua, pale ulipomponda mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyefuata taa, ni sumu yake iitwayo pederini. Osha kwa sabuni na maji.

Kifua kinabana

Histamini hubana njia za hewa, kwa hiyo inaonekana busara kumpa mwenye pumu dawa ya mzio. Haitoshi. Leukotrini, zilizopewa jina hilo na Bengt Samuelsson mwaka 1979, hubana kwa nguvu zaidi ya histamini mara nyingi sana na kwa muda mrefu zaidi. Mwenye pumu anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi kila siku, na ya kufungua anapobanwa.

Nasinzia mchana kutwa

Ni histamini pia, ya ubongoni. Huko ndiyo inayotuweka macho. Piriton na promethazini hupenya mpaka ubongoni na kukaa kwenye H1 ya huko. Setirizini hupenya kidogo, na loratadini kidogo kuliko hata setirizini. Dereva wa bodaboda simuuzii Piriton ya mchana. Mzee mwenye tezi dume naye asipewe ovyo, mkojo unaweza kufunga. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, hata akilia vipi.

Kipimo kimesema nina mzio wa vitu kumi na tisa

Mwaka 1921 Heinz Küstner, aliyekuwa na mzio wa samaki, alimpa mwenzake Carl Prausnitz majimaji ya damu yake. Prausnitz akajichoma kidogo chini ya ngozi, kesho yake akachoma dondoo ya samaki mahali palepale, na pakafura. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa kitu fulani kwenye damu hubeba mzio, na kipimo cha ngozi cha leo kinafuata mantiki hiyo: tone la kichochezi, mdono mdogo wa sindano, kungoja dakika 15 hadi 20. Ukienda kupimwa, acha dawa za mzio kama wiki moja kabla, kwa maelekezo ya kliniki, la sivyo viti vyote vya H1 vimekaliwa na kipimo kitakudanganya kuwa huna kitu.

Hata hivyo kipimo, cha ngozi au cha damu, kinaonyesha kwamba IgE ipo. Hakionyeshi kwamba ghala hufunguka ukila. Dada mmoja aliniletea karatasi ya mwanawe: maziwa, mayai, ngano, soya, kuku, vyote vimewekwa alama. Aliogopa, alitaka nimtafutie maziwa ya kopo yasiyo na kitu. Mtoto amesimama pembeni yake, mnene, anachezea mnyororo wa pazia la duka.

"Mwanangu, asubuhi umekunywa nini?"

"Chai ya maziwa. Na chapati na yai."

"Ukawashwa?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Nikaenda shule."